Makali ya Kujinolea

"Saini hapa, Bweni, uchukue kibali chako, tuendelee na mengine," alisema Mwenyekiti, akiisukuma karatasi juu ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu asukumaye sahani aliyokwisha kula.

Kalamu sikuigusa. Nilikifungua kitambaa nilichokuja nacho, nikavipanga juu ya karatasi ile vigumba vitatu vya mshale, vyeusi kwa mafuta, kila kimoja kikiwa kipande kimoja tu cha chuma chenye makali mawili. Kando yake nikaweka cha nne: king'aavu, makali matatu yaliyoshikwa kwa skrubu ndogo, kingali katika pakiti yake. Pakiti ile ilitoka katika duka la Mwenyekiti, na chumbani hapakuwa na asiyeijua.

Tulikuwa watano: yeye, Katibu, Mhazini, Mama Nyayo aliyewafuatilia wanyama waliojeruhiwa, na mimi, ambaye chama kizima cha wawindaji wa upinde kiliniita Bweni kwa sababu kitanda changu, walisema, hutandikwa hata nikiwa ndani yake. Bila kibali cha chama, mtu haingii porini na mshale. Karatasi ilieleza kwamba pongo niliyemjeruhi msimu uliopita aliteseka siku mbili kwa sababu nilitumia "vigumba rahisi, visivyo na hadhi." Nikisaini, nimesamehewa, na kuanzia siku hiyo kila mwanachama angenunua vigumba dukani kwa Mwenyekiti, apende asipende. Nikikataa, upinde wangu ungetundikwa moja kwa moja.

Kosa lilikuwapo. Sikulikana hata siku moja. Lakini halikuwa lile.

Shule ya bweni iliyonilea ilikuwa na uwanja mpana wa nyasi na haikuwa na mashine. Kila Jumamosi tulijipanga na mafyekeo yetu mbele ya mwalimu wa zamu, naye alikuwa na ukanda wa mpira wa baiskeli aliouvuta kati ya misumari miwili. Hakutazama mng'ao wala hakuuliza fyekeo limetoka wapi. Aliliegemeza tu juu ya mpira, bila kukandamiza. Mpira ukikatika, unakwenda kazini. Usipokatika, unarudi kwenye tupa, na wenzako wanakuimbia. "Tupa husukumwa, hairudishwi," alikuwa akisema. "Na makali ya kununua ni ahadi ya mtu usiyemjua."

Miaka sita niliyasikia maneno hayo. Nikawa mtu mzima, nikapata mshahara, nikayasahau kwa sababu ya pakiti kama ile ya mezani. Ilikuwa pakiti nzuri, nakiri. Juu yake paliandikwa "tayari kwa kuwinda," nami nikamwamini mchapaji wa maboksi kuliko mwalimu wangu. Nilivifunga vigumba vile kwenye mishale yangu kama vilivyotoka kiwandani, bila kuvigusa kwa tupa, nikatoka nimevimba kichwa.

Mshale ulifika nilipouelekeza. Pongo aliruka, akakimbia, na damu aliyoiacha ilikuwa matone, tena yaliyoachana mbali. Tulimfuata hadi giza likatuzuia, kisha siku ya pili nzima. Mama Nyayo ndiye aliyemwona kwanza, amelala chini ya kichaka, shingo imenyooka kuelekea maji asiyoyafikia. Alikichomoa kigumba, akakifuta kwa majani, akakipitisha juu ya ukucha wa kidole gumba. Kiliteleza kisiache hata mkwaruzo.

"Bweni," aliniambia bila kuinua sauti, "hiki si kigumba. Hiki ni kijiko."

 

Nilipopata barua ya kuitwa kikaoni, na nakala ya karatasi ile, sikwenda kutafuta wakili. Nilikwenda kwa Msumari, mwenye duka la bawaba na makufuli mtaa wa nyuma. Alikuwa na boksi la vigumba lililokaa chini ya kaunta hata likawa sehemu ya kaunta. Nilimwomba nivichague kimoja kimoja. Nilivitaka vya kipande kimoja, visivyo na skrubu ya kulegea. Nilikifunga kila kimoja kwenye uti wa mshale, nikauzungusha juu ya kioo cha kaunta, kilichoyumba nilikirudisha. Kisha nikakijaribu kwa tupa. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu mno, kitakatika kikigonga mfupa. Ikizama kama kwenye chaki, ni laini, kitajikunja. Nilitafuta kile ambacho tupa inakiuma kidogo, kikalia, kikaacha mstari mmoja safi.

"Mzee, unachagua vigumba au unachagua mchumba?" aliuliza Msumari.

"Mchumba ningekwisha kumpata."

"Lakini hivyo havijanolewa, nisije nikakudanganya. Ndiyo maana ni bei ya bure."

"Ndiyo maana navichukua."

Kwa juma zima nilinoa. Mke wangu alivumilia siku nne. Siku ya tano alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, kama hicho kijichuma nacho kitakula chakula cha jioni, niambie nipike cha kutosha."

"Wataka nisaini uongo?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi nataka urudi hapa na uso wako mwenyewe. Mengine shauri lako."

Basi siku ile ofisini nilitoa mfukoni ukanda wa mpira, nikaufunga kwenye miguu miwili ya kiti kitupu. Niliichana pakiti nikakitoa kile king'aavu, nikakiegemeza. Mpira ulibonyea, ukabaki. Nikaegemeza kimojawapo cha vyangu. Ulikatika kabla sijauondoa mkono, ncha yake ikampiga Mhazini gotini.

"Mazingaombwe!" alisema Mwenyekiti. "Watu wazima tumekuja kuchezea mpira?"

"Hata hiki chako kingeukata, Mwenyekiti, kama kingenolewa," nilisema. "Sikuja kulishtaki duka lako. Nimekuja kulidai kosa langu, kwa kuwa naona mnataka kunipokonya."

Nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma yake kwa herufi nilizofundishwa: *Pongo aliteseka kwa sababu sikunoa. Kigumba kilikuwa cha ghali. Mkono uliosahau tupa ni wangu.* Hapo nikasaini.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili. "Upande huu hautambuliki," alisema. "Katibu, tupige kura."

Mikono mitatu ilipanda kuninyima kibali. Wa Mama Nyayo ulibaki mapajani, umekunja ngumi. Nilivifunga vigumba vyangu katika kitambaa, nikawaaga kwa adabu yote, nikatoka nimenyooka. Sikuingia tena katika pori lile na mshale.

Upinde wangu uko ukutani, upote, ile kamba yake, nimeulegeza, maana upinde usiotumika haukazwi. Lakini Jumamosi huwa na wageni. Walianza kuja mmoja mmoja kupitia mlango wa uani, pakiti zimefichwa ndani ya makoti, wakajifunza kusukuma bila kurudisha. Mpira wa baiskeli uko kati ya misumari miwili kwenye fremu ya mlango, na mke wangu ndiye mwamuzi, hana huruma.

Mwaka jana alikuja Katibu na vigumba sita katika gazeti.

"Si vyangu," alisema, akitazama sakafu. "Ni vya rafiki. Ameniomba umnolee tu, usimuulize jina."

Nilizitambua skrubu zake. Katika pakiti za kuuzwa hazikuwa za shaba; za shaba Mwenyekiti alijiwekea mwenyewe.

Nikavifunga upya katika gazeti lake, juu yake nikaweka tupa, ile bora.

"Mpelekee na hii," nilimwambia. "Akishindwa, mlango wa uani anaujua. Ila aje na mkono wake."