Moyo Ndani ya Tangi

Asubuhi ambayo tangi lilifungwa, mfuaji wa maabara alikuwa anasugua doa la chai kwenye kola ya Profesa. Chumba chake cha kufulia kilikuwa juu, mdomoni mwa shimo la lifti. Maabara yenyewe ilikuwa chini, ndani ya mwamba, mahali palipokuwa mgodi kabla madini hayajakwisha. Huko chini lilisimama tangi la chuma, refu kama jengo la ghorofa, na kuta zake kwa ndani zilipangwa macho ya kioo yenye ukubwa wa tikiti maji. Kazi ya macho hayo ilikuwa kungoja. Kuna chembe ndogo mno zinazotoka kwenye jua na kwenye nyota zinazokufa. Zinapita milima, kuta na matumbo ya watu bila kubisha hodi. Mara mojamoja chembe hujikwaa kwenye maji na kuacha kimuliko cha bluu. Macho yakikiona, wataalamu hupeana mikono.

Mume wa mfuaji alikuwa fundi wa macho hayo, na wenzake walimwita Kope. Asubuhi hiyo alipanda juu akiwa ameshika nyuma kwa mikono miwili, vazi lake jeupe limechanika.

"Mama, nisitiri," alisema. "Hawa wanatafuta siri za ulimwengu, nisije nikawaonyesha zangu."

"Siri gani? Ulimwengu wote ushaziona ulipopanda lifti," mkewe alimjibu, akampa vazi jingine. Lile lililochanika akalishona na kulirudisha kwenye kigingi chake.

Pale maabara walikuwa na desturi yao. Kabla ya kufunga tangi hawakuhesabu watu, kwa sababu watu huzurura. Walihesabu mavazi: kila kigingi kikiwa na vazi lake, hakuna aliyebaki ndani. Siku hiyo vigingi vyote vilikuwa na nguo, basi kifuniko kikashushwa, taa zikazimwa, maji yakafunguliwa. Kope alikuwa amejibanza mle ndani, nyuma ya safu ya chini ya macho, anakaza jicho lililolegea.

Tangi lilipojaa, macho yakaanza kuona mwanga hafifu uliokuja na kupotea, ukaja na kupotea. Binti aliyekaa mbele ya skrini aliutazama kwa muda.

"Profesa, huu ni moyo wa Kope," alisema.

Profesa akainama, akatazama. "Ndiyo, ni wake."

Wakamwita mfuaji.

"Mama, mumeo yuko salama," Profesa alimwambia. "Maji yetu yamechujwa hadi hayana kitu. Hayawezi kumuozesha wala kumjaza mapafu."

"Nashukuru. Mtoeni."

"Tukifungua, mwanga utaingia na vumbi litaingia. Giza hili limetugharimu miaka." Akakohoa kidogo. "Na vazi la pili, mama, ulilitoa wewe. Lawama hatuikimbii. Ila tuibebe pamoja."

Mfuaji akarudi nyumbani kumpa mama mkwe habari. Bibi yule alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Wewe una bahati, mkwe wangu," alisema. "Angalau unajua mumeo analala wapi. Mimi baba yake nilimtafuta mpaka nikachoka."

Tangu hapo, kila mchana baada ya kuanika nguo, mfuaji alishuka kwa lifti, akagonga ukuta wa tangi na kuzungumza. Alimsimulia Kope habari za bomba la jikoni linalovuja, za jirani aliyenunua redio isiyonyamaza, za mama mkwe na magoti yake yanayomsumbua. Kope alijibu kwa kugonga kutoka ndani. Kugonga mara mbili kulikuwa ndiyo, mara moja hapana. Alipoulizwa kama anaumwa aligonga mara moja. Alipoulizwa kama anataka kutoka aligonga mara mbili, halafu mara mbili tena, mpaka mkewe akaweka kiganja kwenye chuma kumtuliza.

Maji yaliyochujwa hivyo yana njaa. Hulamba chochote kilichomo. Yalianza na wino wa chale begani kwa Kope, yakaja kwenye weusi wa nywele, kisha ngozi, kisha nyama.

"Zamani alikuwa anatupa kivuli," binti wa skrini alimweleza mfuaji, kama anayetoa pongezi. "Sasa mwanga unampita kama dirisha. Amekuwa hana usumbufu kabisa, dada."

Mwanzoni wataalamu waliukata mwanga wa moyo wake kwenye hesabu zao na kuuita kelele. Baadaye wakagundua kwamba mkewe akiongea, moyo ule hutulia na kupiga sawasawa kuliko saa yoyote waliyonayo. Wakaanza kuyapima macho kwa moyo huo. Mwaka uliofuata wakatangaza chembe ya aina ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wageni wakaja na maua, Profesa akahutubia, na katika hotuba yake akamshukuru "mtambo wa ndani".

Mfuaji alimngoja mlangoni.

"Mmeshapata mlichotafuta. Sasa mtoeni."

"Mama, sasa ndiyo haiwezekani," alisema Profesa, maua bado mkononi. "Bila yeye tutajuaje kama macho yanaona sawasawa?"

Mfuaji akaenda zake nyumbani. Kesho yake hakushuka. Aliwaza hivi: moyo wa Kope ukikosa sauti yake utaharibika, ukiharibika hesabu zitaharibika, na hapo watafungua wenyewe bila kuombwa. Alikaa nyumbani akijiuma midomo, maana alijua mumewe anagonga na hapati jibu.

Binti wa skrini akaja mbio.

"Dada, njoo. Moyo unarukaruka kama samaki kwenye ndoo."

"Ukirukaruka, fungueni."

"Profesa atatukata vichwa."

"Mkatwe. Mimi nimekatwa mume."

Zikapita siku, na binti hakurudi tena. Mfuaji akajua kazi imeiva, sasa wanafungua tangi. Akapiga pasi suruali na shati la Kope, akachukua taulo nene, maana aliyekaa majini muda wote ule lazima atatoka na baridi, akashuka.

Winchi ya kunyanyulia kifuniko ilikuwa imefunikwa turubai. Kwenye ukuta wa tangi, pale alipozoea kusimama, walikuwa wamefunga kipaza sauti. Kilikuwa kinaongea kwa sauti yake. Kilisimulia bomba la jikoni, kikacheka kicheko chake, kikauliza, "Umenisikia, baba?" Ndani, Kope akagonga mara mbili.

"Tulikuwa tunarekodi tangu mwanzo," alisema binti wa skrini. "Kwa ajili ya kumbukumbu tu."

Mfuaji akabandika mdomo kwenye chuma. "Kope! Huyo si mimi! Mimi niko hapa!"

Ugongaji ukakoma. Kwenye skrini mstari wa moyo ukapanda, ukayumba.

"Dada, nakuomba upunguze sauti," binti alisema kwa upole. "Unamchanganya."

Akaita tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka. Kipaza hakikuchoka. Kikamaliza habari za redio ya jirani, kikaingia kwenye magoti ya mama, na taratibu mstari ukanyooka.

"Haya, baba, kesho nitawahi kuja," kikasema. "Utaningoja?"

Mfuaji akaegemeza sikio ukutani. Kope akagonga mara mbili.