Alikwenda Kusalimia Tu

Daktari aliacha kazi, kazi haikumwacha. Mkataba wa hospitali ulisema anayeondoka asitibu mtu mjini hapo kwa miaka miwili. Kuhama hawezi: mama yake amepooza, hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Akaenda mahakamani kuupinga. Hakimu akasema, tutasikiliza, ila mpaka kesi iishe usiguse mgonjwa.

Lakini mgeni hafukuzwi mlangoni. Wagonjwa wake wakaanza kuja nyumbani kwake "kusalimia", na mlinzi wa hospitali akapeleka maneno. Sasa ikithibitika ametibu hata mmoja, kesi imekufa.

Shahidi wake alikuwa jirani, mama mmoja fundi cherehani. Wakili wa daktari alimfunda kutwa nzima. "Sema ulikwenda kusalimia, mama. Ukomee hapo."

"Kwani mimi mtoto? Nitakomea."

Kizimbani alisimama kifua mbele kama mama wa bwana harusi.

"Kwa daktari ulifuata nini?" aliuliza wakili wa hospitali.

"Kusalimia. Jirani haendewi?"

"Hakukutibu?"

"Hata kidogo."

Daktari akashusha pumzi. Wakili yule akakunja karatasi zake, kisha akauliza kwa adabu, "Na hali yako sasa, mama? Unaendeleaje?"

Hapo ndipo aliponaswa. Aliyetendewa wema akiulizwa hali, atauficha vipi?

"Nashukuru Mungu, baba. Miguu ilivimba kama magogo. Huyu kijana akanibonyeza hapa na hapa, akanibadilishia vidonge, na leo ngazi zenu nimezipanda mwenyewe. Mwacheni afanye kazi. Hana mfano."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, aliandika. Daktari alitazama ile kalamu ikienda, akajua maji yamemwagika, hayazoleki. Mchana haujafika, uamuzi ukasomwa: zuio libaki, miaka yote miwili.

Nje, fundi alimkimbilia, uso umemng'aa. "Nimekusemea vizuri, mwanangu?"

Daktari alitaka kumwambia ukweli.

"Umesema vizuri, mama."

"Haya, niangalie na huu mkono. Tangu asubuhi una ganzi, hata sindano siisikii."

Wakili wa hospitali alikuwa amesimama mlangoni, anawatazama. Daktari akaficha mikono nyuma.

"Nenda hospitali, mama. Leo hii, usipitie nyumbani."

"Hospitali ipi?"

"Ile ile."

"Ile inayokutesa? Thubutu. Mimi nina daktari wangu." Akaunyoosha mkono, akangoja.