Pikapu ya Matarumbeta

Kwa miaka minane, karibu kila Jumamosi, Dafroza aliwahi kufika kanisani kuliko bibi harusi yeyote wa Moshi. Alikuwa dereva wa pikapu ya matarumbeta, ile inayotangulia mbele ya msafara, wapigaji tisa wamesimama nyuma wakipuliza na kugonga, huku gari la maharusi likifuata na maua yake. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha trekta la miwa huko mashambani kwa miaka kumi na tisa. Alipostaafu akanunua pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika, akidhani atabeba mchanga na matofali. Mzee Filemon, kiongozi wa bendi, akamkodi siku moja kwa dharura, gari lake la kawaida lilipogoma. Hawakuachana tena.

Dafroza aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alipenda sauti ya tarumbeta ikimgonga kisogoni kupitia dirisha la nyuma. Alipenda jinsi watu walivyotoka mbio kwenye vihamba vyao, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, mwenye jembe na jembe lake, mwenye mwiko na mwiko wake, wakacheza kando ya barabara mpaka msafara upite.

Tatizo lilikuwa mlima. Barabara ya kwenda Uru ina mwinuko mmoja ambao madereva wanauita Kata-Pumzi. Pikapu ya Dafroza ikifika pale na watu tisa, tuba na dramu kubwa, ilikuwa inaishiwa. Gia ya pili, gia ya kwanza, halafu mwendo wa mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Vijana wa Kiboriloni waliibatiza Polepole, maana ndivyo wanavyoambiwa wazungu wanaopanda Kilimanjaro. Dafroza naye alicheka nao.

Alicheka mpaka Jumamosi moja, gari la bibi harusi lilipochoka kusubiri, likaipita pikapu katikati ya Kata-Pumzi. Likafuata gari la wazazi. Yakafuata ya wapambe. Mwisho kabisa likapita gari lililobeba ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma aliyesimamishwa na majani mdomoni, akiwatazama wapiga tarumbeta kana kwamba anawaaga. Bendi ikabaki nyuma ikiipigia migomba.

Walipofika kanisani, Filemon alikuja dirishani.

"Mama Jovin," alisema kwa upole, na huo upole wake ndio uliomuuma Dafroza, "wewe ni dada yangu. Lakini matarumbeta hayapigwi nyuma ya ndafu. Harusi ya Jumamosi ijayo ni Uru tena, juu kabisa. Tukishindwa, itabidi nitafute gari lingine."

"Nimekuelewa, kaka," alisema Dafroza, akageuza uso akajifanya anafuta kioo.

Jumatatu asubuhi alikuwa Majengo, kwenye gereji ya Eva. Eva alikuwa binti asiyefika miaka thelathini, fundi wa umeme wa magari, na sifa zake zilikuwa zimefika mpaka juu milimani: ilisemekana anaandika upya akili ya gari kwa kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu linakufa mlimani. Nimeambiwa unaweza kuliongezea nguvu."

Eva hakugusa kompyuta. Alifungua boneti kwanza, akaingiza mkono huku na huku, akautoa mpira wa tabo, ule unaopeleka hewa kwenye injini, uliokuwa umepasuka chini, mahali ambapo jicho halifiki.

"Hapa pumzi ilikuwa inavuja," alisema. "Hata ningeandika nini kwenye kompyuta, ningekuwa najaza maji kwenye ndoo iliyotoboka."

Alifunga mpira mpya, akabadilisha na filta ya dizeli. Ndipo akachomeka waya chini ya usukani, akafungua kompyuta yake juu ya kiti cha abiria. Mistari na namba zikajaa kwenye kioo.

"Njoo uone, mama. Dizeli za siku hizi hazijiamulii. Humu ndani kuna kompyuta inayoiambia injini, hapa tia mafuta kiasi hiki, hapa hewa kiasi hiki, usizidi hapo. Hayo maagizo ndiyo tunayoita ramani. Ya kwako imeandikwa kwa woga. Injini hii hii waliifunga kwenye magari ya aina mbili, lenye nguvu na la kawaida. Lako ni la kawaida. Uwezo inao, ila imekatazwa."

"Imekatazwa," Dafroza alirudia. Neno hilo lilimkaa kifuani. Miaka yote hiyo alikuwa anaombea radhi gari dhaifu, kumbe halikuwa dhaifu hata kidogo.

"Naweza kuiruhusu kwa kiasi, bila kuiumiza. Ile ya zamani naihifadhi, ukiitaka narudisha. Niambie tu, unabeba nini?"

Pembeni walikuwa wamekaa mafundi wawili wakinywa chai, na mmoja wao alikuwa amekwisha kulitambua gari. Dafroza alimsikia akinong'ona, "Si ndiyo Polepole hiyo?" Akaona haya.

"Vitunguu," alijibu. "Magunia ya vitunguu, natoa Kahe."

"Mzigo mzito, lakini umefungwa vizuri?"

"Umefungwa vizuri kabisa."

Basi Eva akaandika ramani ya vitunguu.

Siku hiyo hiyo jioni Dafroza alilijaribu gari peke yake. Alipofika kwenye mwinuko alikanyaga mafuta, na pikapu ikaondoka chini yake kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini. Alilipita lori la mchanga. Alilipita na basi dogo lililokuwa likimpita kila siku kwa miaka minane, na dereva wake akatoa kichwa dirishani kuhakikisha. Dafroza alicheka kwa sauti, peke yake, mpaka juu.

Jumamosi ikafika. Msafara ulijipanga vizuri mjini: pikapu mbele, maharusi nyuma yake, kisha magari kumi na moja. Bendi ilikuwa na sare mpya nyekundu na kofia zenye kamba za dhahabu. Walipofika chini ya Kata-Pumzi, Filemon alimwangalia Dafroza kupitia dirisha la nyuma, akajishika kifua kidogo, kama mtu anayesali.

Mguu wa Dafroza ulifanya ulichozoea kufanya mahali pale kwa miaka minane. Ulikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Pikapu iliruka. Nyuma kofia tisa zilipaa kwa pamoja. Hosea, mpiga tuba, mtu mnene na mtaratibu, alirudi hatua moja, akarudi ya pili, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya dramu kubwa. Dramu ikapasuka, ikammeza mpaka kiunoni. Dafroza alisikia mshindo na kelele, akadhani bendi imechangamka. "Leo wana moto hawa," alijisemea, akazidi kukanyaga.

Alifika kanisani. Waumini waliosikia gari wakatoka wakipiga vigelegele. Padri alisimama mlangoni na mavazi yake. Mpiga kinanda akaanza wimbo wa kuingilia. Kila mtu akatazama barabarani, na barabara ilikuwa tupu. Nyuma ya pikapu walikuwepo wanaume tisa tu wasio na kofia, wanne kati yao wakimvuta mwenzao kutoka kwenye dramu.

Mpiga kinanda alirudia wimbo ule mara tano kabla bibi harusi hajafika. Alishuka garini amekumbatia kofia saba zilizookotwa njiani, na kicheko kilikuwa kimemwaga machozi mpaka vipodozi vikachora mistari mashavuni. Hilo ndilo lililomwokoa Dafroza, maana shangazi mmoja alikuwa anamjia na uso uliokunjamana.

Filemon alisubiri misa iishe.

"Mama Jovin," alisema. "Wiki iliyopita tulichelewa. Leo tumetoroka."

"Nisamehe, kaka. Kosa ni langu. Nilimdanganya fundi."

"Ulimdanganya nini?"

Alipomweleza habari ya vitunguu, mabega ya Filemon yakaanza kutikisika. "Hosea!" aliita. "Njoo usikie wewe ni nini!"

Jumatatu Dafroza alirudi Majengo, na safari hii aliwaleta Filemon na Hosea pamoja na ala zao. Mbele ya wale mafundi wa chai alisema kila kitu, bila kupunguza. Eva alicheka mpaka akaketi juu ya tairi.

"Mama! Ungeniambia ni watu! Vitunguu havisimami, wala havipulizi tarumbeta. Nilikupa nguvu yote mara moja, kwa mzigo uliofungwa kamba. Watu waliosimama wanataka nguvu ile ile, lakini ije taratibu, ianze chini kabisa, na pedeli isiwe kali." Alifikiri kidogo. "Ila hilo siwezi kulipima nikiwa hapa. Lazima nipande nyuma."

Wakaenda wote wanne Kata-Pumzi, mchana kweupe. Eva alisimama nyuma ameshika bomba la kujishikia, kompyuta ameifunga kifuani kwa khanga kama mtoto mchanga. Filemon ndiye aliyepata wazo la kipimo.

"Nitapuliza noti moja tangu chini," alisema. "Ikikatika, gari limenisukuma."

Mara ya kwanza noti ilikatika palepale, na tarumbeta nusura ing'oe jino. Eva akaingia mbele, akachomeka waya, akaandika kwa dakika chache huku injini imezimwa. Mara ya pili noti ilifika nusu ya mwinuko, ikayumba, ikafa. Eva akaandika tena. Mara ya tatu Dafroza alikanyaga kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza alihisi gari likivuta bila kuruka, kama mtu anayekushika mkono na kukuongoza. Noti ya Filemon ikaanza, ikapanda nao, ikapita kona, ikapita mti wa msesewe, nyembamba na safi, mpaka wakafika juu, na Filemon akaishiwa pumzi kabla ya gari.

Hosea alipiga makofi. Eva alibonyeza kitufe cha kuhifadhi, akafunga kompyuta. "Hiyo ndiyo yako, mama," alisema.

"Aika, mwanangu, asante sana," alisema Dafroza.

Watu walikuwa wamekwisha kutoka kwenye migomba, wengine wanacheza. Bibi mmoja mwenye kitenge cha kijani, Ndelilio, ambaye nyumba yake ipo pale pale juu, alisogea dirishani akiwa na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, bibi," alisema Dafroza.

"Marahaba. Bibi harusi yuko wapi?"

"Leo hatuna. Tunapima injini."

Bibi Ndelilio aliwaangalia mmoja mmoja, akaona kuwa hawatanii. "Basi mnateremka bila abiria namna hii? Mimi naenda sokoni Kiboriloni." Bila kungoja jibu alifungua mlango, akapakata mkungu wake. "Waambie wapige. Siwezi kushuka kimya kama nimekamatwa."

Dafroza akageuza gari. Nyuma, Filemon alilamba midomo, Hosea akakumbatia tuba, na Eva, ambaye hakujua kupiga chochote, akachukua spana mbili kutoka kwenye begi lake akaanza kuzigonganisha. Wakashuka na Kata-Pumzi hivyo hivyo, watu wakiwapungia pande zote mbili, na bibi Ndelilio akiwapungia wote kwa mkono mmoja, polepole, kama mtu aliyeolewa asubuhi ile.