Dalali wa Mwalimu Elinaza

"Hakuna nyumba Temeke nzima inayoweza kunificha siri," alisema Bi Tabu, akimwagilia mpilipili wake. Kisha akafikiri kidogo. "Isipokuwa hii tunayokaa. Hii nilihamia kiangazi, masika nikalala nimefungua mwavuli."

Mwalimu Elinaza, jirani yake wa chumba cha pili, hakucheka. Tangu aletwe Dar es Salaam kufundisha, miaka sita sasa, alikuwa akidunduliza fedha za kununua nyumba. Wiki iliyopita alimwandikia mkewe Anastasia kule Same kwamba nyumba imepatikana, afunge mizigo aje na watoto. Kilichobaki ni kutoa fedha mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na hiyo ilikuwa kesho.

"Mimi nina dalali wangu," alisema. "Fakihi ananihangaikia mpaka viatu vyake vimeisha soli."

"Dalali wako. Na ujira wake anapewa na nani?"

"Na mwenye nyumba, lakini..."

"Basi ni dalali wa mwenye nyumba. Wewe anakutembeza tu. Tafuta mtu wa upande wako, mwanangu. Mie hapa. Doti moja ya kanga, na usinichagulie wewe, maana umevaa soksi za rangi mbili."

Elinaza akatazama miguu yake. Ilikuwa kweli.

Kesho yake wakaenda Mtoni. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, bati juu, kuta zimepakwa chokaa mbichi zinang'aa kama bibi harusi. Barazani walikaa Albano, mchonga vinyago mwenye nyumba, na Fakihi na kofia yake nyeupe. Kahawa ilikuwa tayari.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema Fakihi.

"Marahaba. Mie shangazi yake mwalimu. Nimeshuka jana kutoka Upare, miguu yote inaniuma."

Kahawa ikampalia Elinaza. Bi Tabu alizaliwa Mbagala, na milima aliiona kwenye kalenda.

Bibi akaomba kuonyeshwa choo, akapotelea ndani. Njiani alikuwa amemweleza mwalimu kwamba wanaume hununua nyumba wakiwa barazani: wanagonga ukuta, wanasifu mlango, wanakunywa kahawa. Uani, ambako nyumba inasema yake yote, hawafiki.

Akakawia. Buli likaisha. Elinaza akaona haya.

"Kina mama wakikutana, ndugu mwalimu," alisema Fakihi, akichungulia njiani. "Mie sikuharakishi. Ila kuna bwana wa Ukonga anakuja alasiri na fedha mkononi. Mjumbe nimeshamwita, yuko njiani."

Elinaza akatia mkono mfukoni, akaishika bahasha.

Bi Tabu akarudi akitafuna kipande cha nazi ya watu. Akakaa, akanyoosha miguu.

"Baba, masika maji yanaingiaga humu?"

"Maji? Hapa ni mwinuko, bi mkubwa. Maji yanapita kule chini kwa wenzetu."

"Mbona vitanda vyote vimepandishwa juu ya matofali, matatu matatu?"

Albano akatazama ndani ya kikombe chake kilichokwisha kahawa.

"Wapangaji wa siku hizi," alisema Fakihi, "wanaweka masanduku uvunguni."

Elinaza akaona ni jibu la maana. Hata yeye aliweka sanduku uvunguni. Bahasha ikaanza kutoka.

"Labda," alisema Bi Tabu. "Wewe hujapata kulala humu ukaona mwenyewe?"

"Mie? Nyumba hii nimeikanyaga mara ya kwanza Jumatatu ya wiki iliyopita, nilipoletwa na ndugu Albano. Haki ya Mungu, hata vyumba vya nyuma sivijui."

"Yuliana," aliita Bi Tabu kwa sauti ya kubembeleza. "Njoo, mwanangu."

Mpangaji mmoja, mwanamke mnene mwenye unga mikononi, akatokea ukumbini akiburuta godoro la sufi. Nusu yake ya chini ilikuwa na rangi ya matope.

"Kaka Fakihi," alisema kwa upole, "godoro lako limekauka. Tangu uhamishwe na yale maji nalianika mie kila siku. Unalichukua leo, au nikuwekee mpaka masika mengine?"

Elinaza akautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Godoro hili silijui," alisema Fakihi, akilipokea kwa mikono miwili.