Hesabu za Breki

Mtaani walimwita Breki, kwa kuwa alikuwa amefundisha udereva miaka kumi na tisa na neno hilo halikumwisha mdomoni. Mtu wa namna hiyo akiamka Jumamosi asubuhi na kusema gari la nyumbani liuzwe, mkewe ana kila sababu ya kushtuka. Tena mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu asiyedanganyika kwa vipimo.

Breki alikuwa amejaza ukurasa mzima. Upande mmoja mafuta, bima, gereji, maegesho, matairi. Upande wa pili teksi za kuitwa kwa simu. Teksi zilishinda kwa mbali.

"Matairi manne kila mwaka?" mkewe akauliza. "Sisi tumenunua mawili tu, tena mwaka juzi."

"Bei zinapanda, mama watoto."

"Zimepanda bei, au yameongezeka matairi?"

Breki akacheka kicheko cha kukwepa. Mkewe akaanza kupiga hesabu zake mwenyewe. Mume akipika hesabu ili auze gari, ama ana deni, ama ana mwanamke, na fedha za gari zinatosha kabisa kuanzishia nyumba ya pili. Akaitaka simu yake. Akapewa bila ubishi, jambo lililozidi kumtia wasiwasi. Ndani hakukuta jina la kike hata moja geni. Alichokuta ni maandishi makubwa ajabu, maneno matatu yakijaza kioo kizima.

Akamshika mkono, akampeleka dirishani. Breki alikuwa na utaratibu wake kazini: mwanafunzi mpya hagusi usukani mpaka asome namba za gari lililo ng'ambo ya barabara.

"Nisomee namba za gari la jirani."

"Yaani leo unanipima mimi?"

"Wewe nisomee tu."

Breki akanyoosha shingo, akazitaja zote bila kusita. Zilikuwa namba za gari la jirani kweli. Ila jirani alikuwa ameondoka tangu alfajiri, na pale ilisimama pikapu ya fundi bomba.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Tangu mvua zilizopita. Ningeacha kuendesha ungeniuliza kwa nini. Gari likiuzwa, nani ataniuliza?"

"Na kazini?"

"Wanaoendesha ni wanafunzi. Mimi nakaa pembeni, nasikiliza injini."

"Na ile breki ya mwalimu, iliyo upande wako, unaikanyaga ukiona nini?"

Mkewe alikuwa ameomba asubuhi nzima kusiwe na mwanamke mwingine; sasa akatamani angekuwapo, akamfuate, akamtukane, yaishe.

Akampigia mkuu wa chuo cha udereva. Breki akanyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha.

"Mwalimu leo haji," mkewe akasema. "Wala kesho. Na wale wote aliowapitisha tangu mvua zilizopita, waiteni warudi."