Ubao Uliofuatwa Baharini

Msumari ulikuwa mtupu. Mama Gundi alinyoosha mkono kuchukua kitambaa chake, kile anachokifunga kwenye ufa wa ubao ili kinyonye maji, akagusa ukuta. Kitambaa kilikuwa sakafuni chini ya mizani, na alipokiokota kilimlowesha vidole.

Alisimama nacho akiikumbuka jana asubuhi. Alipima ubao, akasoma mizani, akaridhika, ndipo akakifungua kitambaa ili aanze kuziba. Basi alikuwa ameupima ubao pamoja na kitambaa.

Walioleta mbao kwake hawakuijua hesabu hiyo, wala hawakuwa na haja nayo. Ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ukipata ufa hunywa maji, na maji yenyewe huyaoni. Kila asubuhi Mama Gundi alikifungua kitambaa kwanza, akauning'iniza ubao kwenye ndoano ya mizani, pua chini. Uzito ukishuka, maji bado yanatoka. Asubuhi mbili zikilingana, ubao umekauka. Jana zililingana kwa sababu maji yaliyotoka usiku yalikuwa yamehamia kwenye kitambaa, na vyote viwili vikapanda mizani pamoja. Mengine yalikuwa bado ndani. Naye akayafungia humo, akapaka gundi, akapiga msasa mpaka mahali pa ufa hapakujulikana tena.

Na ubao haukuwepo. Mwenyewe, kinyozi, alikuwa ameshauchukua.

Kinyozi huyo alifunga saluni yake wiki moja kila mwaka, akaja katika mji huu mdogo na rafiki zake wawili kucheza na mawimbi. Alikuwa mrefu, maneno mengi, tumbo limeanza kumtangulia. Ubao wake ulipasuka siku ya pili, akashinda siku tatu mlangoni kwa fundi akiuliza kama umekauka. Leo ilikuwa siku yake ya mwisho, na mawimbi makubwa ndiyo kwanza yamefika.

Mama Gundi alijua kitakachotokea. Jua lingepasha yale maji, ngozi ya ubao ingevimba, na huko mbali wimbi lingeukata vipande viwili. Huenda kinyozi asingeumia. Huenda.

Kulikuwa na jambo jingine. Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa akimsihi afunge karakana akaishi naye, kwa kuwa vumbi la faiba, zile nyuzi za kioo za kuzibia mbao, lilikuwa limeshaanza kumkohoza. Naye alikuwa na jibu moja: "Siku ubao niliouziba utakaporudi kwangu, siku hiyo nafunga." Alilitoa kwa maringo. Tangu mumewe afariki na kumwachia kazi hii, miaka kumi na tisa, hakuna ubao uliorudi. Na huu pia ungeweza usirudi. Mawimbi huvunja mbao kila siku. Nani angekuja kuuliza habari za kitambaa? Alilifikiria hilo kwa muda wa kufunga mlango, akashuka mtaa wa duka la dawa kuelekea baharini kwa mwendo ambao magoti yake yaliuruhusu.

Kinyozi alikuwa majini tayari. Mama Gundi alimwita mara mbili, upepo ukameza sauti. Akaingia na gauni lake.

"Mama, na wewe umekuja kuteleza?"

"Nipe huo ubao. Una maji. Nilikosea kupima."

Kinyozi aliugeuza. "Mbona ubao umependeza hivi?"

"Umependeza nje."

Alitazama kule rafiki zake walipokuwa wakipanda na kushuka. "Mama, kesho naondoka. Mwaka mzima nanyoa vichwa vya watu nikiwazia asubuhi hii. Niachie wimbi moja tu, kisha nakuletea."

"Hapana."

"Si ubao wangu?"

"Ubao ni wako. Kosa ni langu, na hilo siwezi kukuachia uondoke nalo."

Wimbi likawasukuma wote wawili. Kinyozi akamdaka kiwiko asianguke. Baada ya hapo hawakubishana. Walitoka wameubeba, yeye mbele na fundi nyuma, kama watu wanaohamisha kitanda. Kinyozi alikuwa amekasirika na hakuficha. Mama Gundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Karakanani aliulaza juu ya meza, akachukua kisu, akakata kazi yake mwenyewe. Maji yalitoka tone tone, kisha yakachuruzika. Kinyozi aliinama kuyatazama.

"Utakauka lini?" aliuliza mwishowe.

"Siku nne. Pengine tano."

"Basi kaa nao. Nitaufuata mwakani." Akakamua kaptula yake mlangoni. "Usimpe mtu."

Aliondoka kwenda kuwatazama wenzake akiwa mchangani. Mama Gundi hakuwa amemwambia kwamba, kwa ile ahadi yake kwa binti, mwakani hatamkuta mtu hapa, na alijua alipaswa kumwambia.

Aliuning'iniza ubao, akaweka beseni chini yake, akabadili gauni. Kisha akampigia binti yake.

"Ubao umerudi," alisema.

Binti aliuliza: "Umerudi wenyewe?"

"Nimeufuata baharini."

"Wewe? Na hayo magoti?"

"Nimefika kiunoni."

Binti alicheka, na mama akacheka naye, mpaka kikohozi kikamkatiza. Kilipotulia, hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Mama, uliahidi mwenyewe. Nije lini kukuchukua?"

Mama Gundi aliangalia benchi, makopo ya gundi, ule ubao mrefu wa watu, ambao mwenyewe angeufuata mwakani.

"Subiri," alisema. Akailaza simu juu ya benchi bila kuikata, akaenda kumwaga beseni, akalirudisha mahali pake. Hakuishika simu. Alikaa juu ya ndoo, mikono mapajani, na binti kule mbali, akiwa hajajibiwa, alisikia tone likianguka, kimya kirefu, kisha jingine.