Shimo la Tatu

Kazini kwake, kwenye mamlaka ya maji, walimwita Sikio, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisimamisha fimbo ya chuma juu ya bomba, anaegemeza sikio kwenye ncha yake, kisha anasema, "Chimbeni hapa." Wakichimba, wanakuta bomba linavuja.

Mwaka huo mamlaka ilikata kauli: hakuna kisima kipya kabla mivujo haijazibwa, maana karibu nusu ya maji yalipotelea ardhini huku visima vikizidi kukauka. Mzigo wote ukamwangukia Sikio.

Wiki hiyo alikuwa amechimbisha mashimo mawili katika mtaa wa washonaji, yote makavu. Akawa kiguu na njia, kutoka vali hii hadi ile, anapangusa sikio kwa leso, anainama tena. Fimbo kimya. Mshonaji mmoja, aliyelazimika kuruka shimo kuingia dukani kwake, alimuuliza kama anatafuta maji au hazina.

Nyumbani nako hakutulia. Anakaa, anainuka, anafungua dirisha, analifunga. Mkewe akaja kusimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Nimekuita mara tatu. Umetia pamba masikioni?"

"Nilikuwa nawaza kazi."

"Na juzi simu imeita mpaka ikakatika, nayo iko mfukoni mwako. Mume wangu, husikii vizuri, na unajua."

Aliogopa kumwaga unga, lakini zaidi aliogopa kubaki na jina lisilo lake tena.

Asubuhi akapiga moyo konde, akaingia kwa mhandisi, mwanamke mdogo kwake kwa umri, asiyependa maneno mengi.

"Masikio yangu yamekwisha," alisema. "Yale mashimo nilibahatisha."

Mhandisi akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Miezi sita."

"Miezi sita unaninyamazia, mzee wangu, na tunavunja barabara za watu." Akashusha pumzi. "Michoro yetu ya mtaa ule ni ya kubuni tu. Wewe unajua mabomba yanakopita?"

"Yote. Mengine niliyalaza mwenyewe."

"Basi toka na fundi bomba. Wewe onyesha, yeye asikilize. Na leo hii uende hospitali."

Fundi bomba alikuwa binti mwenye mzaha mwingi. Sikio alimpeleka nyuma ya maduka, mahali ambapo bomba lilipinda kukwepa ukuta uliokwisha kubomolewa zamani. Binti akainamia fimbo. Sikio akamkazia macho usoni kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Baba, humu kuna mtu anakaanga kitu."

"Chimbeni hapo," Sikio alisema.

Sululu haikushuka mara kumi, maji yakaruka yakamlowesha mchimbaji mpaka kofia. Watu wakacheka, na mmoja akamwita binti Sikio Mdogo. Sikio naye alicheka, ila mikono yake haikujua pa kukaa. Binti alipokwenda kufunga vali, alimpa amshikie fimbo. Akaiegemeza sikioni, mara moja tu. Hakusikia kitu. Akamrudishia.

Miadi ya hospitali, aliyowekewa na mhandisi, ilikuwa saa nane, na sasa ilikuwa saa nne tu.

"Kule mwisho kuna kona nyingine," alisema, akatangulia bila kungoja jibu.